Linaondoka Vizuri, Halisimami: Utatuzi wa Matatizo ya Matairi na Rimu kwa Anayependa Kona na Kupanda Mlimani Wakati wa Theluji

Wanaonunua Subaru WRX, gari la mwendo linalovuta magurudumu yote manne, mjini Denver huwa na hamu mbili. Ya kwanza ni kona za Lookout Mountain jua likiwaka, na ya pili ni zile safari chache za majira ya baridi, kupanda barabara kuu ya I-70 hadi handaki la mlimani la Eisenhower Tunnel na kushukia upande wa pili. Gari linazimudu zote mbili. Matairi ndiyo yasiyoweza, na karibu kila lalamiko utakalolisoma hapa chini linatokana na tairi lililopewa kazi isiyo yake.

Nimeshika WRX na Colorado kwa sababu Waswahili wengi waliohamia Marekani walikuja na mapenzi ya Subaru kutoka nyumbani, na huku mlimani Subaru zimejaa. Mwenye Golf GTI au Mazda 3 abadilishe vipimo tu, dalili ni zilezile.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa dereva wa namna hii, seti mbili za matairi, kila moja kwenye rimu zake, ni bora kuliko seti moja ya kila kazi. Nitaeleza pia ni lini seti moja inatosha.

Kwanza chuchumaa usome ubavu wa tairi

Usimwendee fundi kabla ya kusoma. Namba kama 245/40R18 97W inakuambia upana wa milimita 245, kimo cha ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18, kiwango cha uzito na kiwango cha mwendo. W ni kilomita 270 kwa saa, V ni 240, H ni 210, T ni 190.

Kisha tafuta alama mbili. Herufi M+S maana yake ni kwamba mchoro wa kashata (meno ya tairi yanayogusa barabara) una nafasi za kutosha kushika matope na theluji. Hapo anayetoa neno ni mtengenezaji mwenyewe. Mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ni jambo jingine: tairi limepimwa kwenye theluji iliyoshindiliwa na kufikia kiwango. Usipoiona hata moja, umekalia matairi ya kiangazi.

Mwisho, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT, ile namba ya utambulisho iliyochapwa ubavuni. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Muuzaji wa mitumba anaweza kukuapia kwamba matairi ni mapya, lakini tarakimu hizo hazimjali.

"Lami ni kavu, theluji hakuna, lakini asubuhi gari linateleza"

WRX nyingi zinazouzwa Marekani hutoka kiwandani na matairi ya kiangazi. Mnunuzi anadhani gari linalovuta magurudumu yote manne limeshakuja na dawa ya baridi. Halikuja nayo. Mpira wa tairi la kiangazi umechanganywa ushike lami ya moto. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi unaanza kukakamaa, na mpira uliokakamaa haung'ati vinundu vidogo vya lami. Ukikata usukani kwenye makutano, pua ya gari inaendelea mbele kana kwamba barabara ina maji.

Denver ina mtego wake. Mchana wa nyuzi 15 na alfajiri iliyo chini ya sifuri vinaweza kuwa siku moja, kwa hiyo dereva anajaribu gari saa nane mchana, anaridhika, kisha saa kumi na mbili asubuhi anashangaa.

Wapo watengenezaji wanaoonya kwamba kuendesha tairi la kiangazi kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi kunaweza kupasua kashata. Ukikuta nyufa ndogo kwenye kashata, tairi hilo limekwisha hata kama kina chake bado ni kipya. Hapa hakuna cha kurekebisha kwenye upepo wala alaimenti. Badilisha matairi kabla msimu haujageuka.

"Linaondoka vizuri kwenye theluji, lakini halisimami"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na ndilo linalotupa magari mtaroni.

Magurudumu yote manne yakivuta, gari linapata msukumo kutoka matairi manne hata pale ambapo kila tairi linashika kidogo tu. Dereva anaondoka kwenye taa akiwaacha wenzake wanazungusha magurudumu, kifua kinapanda. Lakini breki za kila gari, hata lile linalovuta magurudumu mawili, zipo kwenye magurudumu manne. Kwenye kusimama, WRX haina cha ziada. Kwenye kukata kona ni vivyo hivyo: ukiingia kwa mwendo ambao tairi haliwezi kuubeba, mfumo wa kuvuta hauna msaada wowote. Kibaya zaidi, uwezo wa kuondoka haraka unakuficha ukweli kuhusu barabara, kwa hiyo unafika kwenye kona ukiwa na mwendo ambao gari la kawaida lisingeufikia.

Pima mwenyewe. Tafuta barabara tupu au eneo la maegesho lisilo na watu wala nguzo, nenda kilomita 20 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu. ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) ikigonga mguu na gari likaendelea kuteleza tu kama sabuni, tatizo ni tairi.

Chanzo cha kawaida ni matairi ya misimu yote yenye M+S peke yake. Sheria inayakubali. Kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, Colorado inataka gari liwe na vifaa vya kushika barabara, na M+S yenye kina cha kashata cha inchi 3/16 inapita. Lakini kupita kwa askari ni jambo moja, na kusimama nyuma ya lori linaloteremka kutoka Eisenhower Tunnel, zaidi ya mita 3,300 juu ya bahari, ni jambo jingine.

Hata ile alama ya mlima uisome kwa akili. Kipimo chake kinahusu kuvuta mbele kwenye theluji iliyoshindiliwa. Hakipimi kona, wala hakipimi barafu tupu. Ndiyo maana tairi la misimu yote lenye alama hiyo, kama Michelin CrossClimate 2, linaweza kukufikisha mlimani kwa heshima na bado likapitwa vibaya na tairi halisi la baridi kwenye barafu inayong'aa asubuhi.

Sasa, nani anatoshwa na seti moja? Anayepanda mara mbili tatu kwa msimu, anayeweza kuahirisha safari dhoruba ikitangazwa, na ambaye "kona" kwake ni kuingia barabara kuu kwa furaha kidogo. Huyo achukue matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima, ayabadilishe mapema kabla hayajakaribia kipara, na asahau hadithi za seti mbili. Anayelipia chumba cha mlimani mwezi mzima kabla, na ambaye atapanda hata theluji ikidondoka kama pamba, hana jina kwenye orodha hiyo.

"Nina matairi ya baridi, na bado linaelea"

Angalia kina kwanza. Kisheria tairi linakufa kwenye 2/32 ya inchi, lakini kwenye theluji linakuwa limekufa zamani. Chukua senti ya Marekani ya zamani, ile yenye jengo la Lincoln Memorial mgongoni (za tangu 2010 zina ngao, hazifai kwa kipimo hiki). Ichomeke kati ya kashata, upande wa jengo ukikutazama na paa la jengo likitangulia chini. Paa la jengo likifunikwa, una zaidi ya 6/32, yaani ile 3/16 inayotakiwa kwenye I-70. Likionekana, tairi hilo limebakiwa na kazi ya mjini.

Kina pekee hakitoshi. Kazi kubwa kwenye barafu hufanywa na zile chale nyembamba zilizochanjwa juu ya kashata na kwa mpira laini wenye vitundu vidogo. Kwenye matoleo kadhaa ya Blizzak, matairi ya baridi ya Bridgestone, mpira huo maalumu ni tabaka la juu tu, na chini yake upo mpira wa kawaida zaidi. Tairi lililoliwa nusu linaonekana zima kwa macho, lakini kilichokuwa kinashika barafu kimeshabaki barabarani. Matairi ya Continental ya DWS, ambayo ni ya misimu yote, yanakurahisishia: yamechongwa herufi D, W na S kwenye kashata. S ikifutika, theluji imeshatoka kwenye mkataba.

Vyanzo vingine vya kuchunguza haraka: mshale wa mzunguko ubavuni ukiangalia nyuma, maana yake fundi amefunga tairi kinyume na mchoro unameza theluji badala ya kuitema. Upepo uliojazwa kupita kiasi unapunguza eneo linalogusa ardhi. Matairi mapya kabisa yanahitaji kilomita mia kadhaa za kawaida ndipo uso wake wa kiwandani ulike na chale zifunguke. Na upana: tairi pana linapanda juu ya theluji laini, jembamba linaikata na kufika chini. Wanaoacha milimita 265 za mashindano kwenye gari mwezi wa Januari wanajua ladha yake.

Kuna pia wanaobana matumizi kwa kufunga matairi mawili tu ya baridi mbele. Kwenye gari la kuvuta mbele hili ni hatari kuliko kutofunga kabisa, kwani pua inashika na mkia unabaki kwenye mpira mgumu. Ukiachia mafuta katikati ya kona, mkia unakupita. Manne au acha.

"Tangu nifunge matairi ya baridi, usukani umelegea"

Huu si ugonjwa. Kashata ndefu, laini, zilizojaa chale lazima zicheze kabla ya kukaza, na unayasikia hayo mikononi hasa ukizoea tairi la kiangazi linalojibu papo hapo. Kwenye lami kavu na jua la Colorado la Februari, ambalo ni jingi, utalichukia gari lako.

Dawa ipo kwenye aina ya tairi la baridi. Yako makundi mawili. Kundi la kwanza limetengenezwa kwa barafu: Blizzak za WS, Michelin X-Ice, Nokian Hakkapeliitta R. Yanashika vizuri na yanayumba. La pili ni ya baridi yenye mwelekeo wa mwendo, kama Michelin Pilot Alpin na Pirelli Sottozero. Haya yanakupa usukani uliokaza zaidi na viwango vya mwendo vya juu, kwa kukupunguzia kiasi fulani cha mshiko kwenye barafu. Kwa mtu anayekaa Denver, ambako theluji nyingi huyeyuka upesi, halafu anapanda wikendi chache, mimi naegemea kundi la pili. Anayeishi Breckenridge au Leadville, miji ya huko juu mlimani, asinisikilize. Achukue la kwanza. Njumu za chuma ziache kabisa kama siku zako nyingi ni lami kavu.

Kabla ya kulaumu tairi, angalia kama upepo uko kwenye kiwango cha kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi la baridi lenye psi 26 (psi ni kipimo cha upepo) litayumba hata likitoka kwa malaika.

"Taa ya upepo inawaka kila asubuhi, ikifika mchana inazima"

Upepo hupungua karibu psi 1 kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti joto linaposhuka. Ukijaza psi 34 kwenye gereji yenye nyuzi 70, alfajiri ya nyuzi 10 utabaki na 28 hivi bila tundu lolote. Mfumo wa tahadhari wa Marekani unatakiwa kuwaka upepo unapokuwa chini ya kiwango kwa robo, hivyo tairi lililokuwa limeanza kupungua kidogo linavuka mstari. Jaza asubuhi kabla gari halijatembea, lifike kwenye namba ya kibandiko.

Jambo linalochekesha mlimani: ukipanda kutoka mita 1,600 za Denver hadi mita 3,400, hewa ya nje inakuwa nyepesi na kipimo kinasoma psi 2 hivi zaidi, ingawa ndani ya tairi hujaongeza kitu. Baridi ya juu inazila tena. Usitoe upepo kule juu kwa sababu umeona namba imepanda.

Taa ikiwaka muda wote baada ya kufunga seti ya pili, rimu hizo hazina vihisio, au vipo na gari halijavitambua. Na tairi moja likipungua kila wiki bila msumari, shuku kutu ya rimu mahali tairi linapokaa. Barabara za huku humwagiwa magnesium kloraidi, na dawa hiyo inakula alumini iliyokwaruzika. Fundi alivue tairi, asugue ukingo, apake dawa ya kuziba, alirudishe. Hii ni sababu nyingine ya kutopeleka rimu zako za bei mbaya kwenye theluji.

"Usukani unatetemeka"

Kama mtetemo umeanza baada ya gari kulala kwenye theluji, usilipie balansi. Theluji imeganda ndani ya rimu, upande usiouona, na uzito wake umevuruga mzunguko. Pitisha mkono au kijiti, au uoshe kwa maji ya vuguvugu, mtetemo utaisha. Fundi mwaminifu atakucheka kwa upole. Asiye mwaminifu atakuuzia balansi nne.

Kama umeanza baada ya kufunga rimu zisizo za kiwandani, pima tundu la katikati. Habu ya WRX, kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ni milimita 56.1. Rimu nyingi za kuongezea zina tundu kubwa zaidi ili zifae magari mengi, na zinahitaji pete ya kujaza nafasi hiyo ili rimu ikae katikati kabisa. Angalia pia nati: kiti cha nati na kiti cha rimu lazima vifanane, koni kwa koni. Nati za mviringo kwenye kiti cha koni zinalegea. Kisha, baada ya kilomita 80 hadi 160, kaza upya kwa spana ya kipimo. Usiruke hatua hii.

Mtetemo uliokuja ghafla baada ya shimo ni rimu iliyopinda au nyuzi za ndani ya tairi zilizokatika. Ukiona uvimbe ubavuni, tairi hilo usiliendeshe tena. Ubavu wa asilimia 35 hauna nyama ya kukinga rimu, na mashimo ya Machi ni makali.

"Nitafunga rimu ipi wakati wa baridi?"

Shuka inchi moja, ongeza ubavu, punguza upana kidogo. Piga hesabu ya kipenyo: rimu kwa milimita, ongeza kimo cha ubavu mara mbili.

WRX yenye 245/40R18 ina 457 na 196, jumla milimita 653. Ukifunga 235/45R17 unapata 643, pungufu ya asilimia 1.5, na ni saizi ambayo WRX zenye rimu ndogo hutoka nayo kiwandani. 225/50R17 inakupa 657, karibu zaidi na asili, jembamba zaidi, na ubavu mnene unaovumilia shimo. Mimi ningechukua hiyo ya pili, baada ya kuhakikisha tairi halikwaruzi popote usukani ukikatwa hadi mwisho. Kwa Golf GTI ya kizazi cha saba, 225/40R18 ni 637 na 225/45R17 ni 634; mabadiliko ambayo spidomita haitayasikia.

Mpangilio wa mashimo ya nati uuangalie kwa mwaka wa gari. WRX za 2015 na kuendelea ni 5x114.3 (nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3), za kabla ya hapo nyingi ni 5x100, na muuzaji wa mtandaoni mara nyingi huandika "Subaru" tu. STI, toleo la WRX lenye nguvu zaidi, zenye breki kubwa za Brembo ni jambo la peke yake: kalipa, kile chuma kinachobana diski ya breki, inajaza rimu. Rimu ya inchi 17 inaweza kuingia au kugonga kutegemea umbo la mikono yake, na kwa STI za 2018 na kuendelea, zinazotoka na inchi 19, chukulia 18 kuwa mwisho wa kushuka. Jaribisha rimu tupu kabla ya kufunga tairi, zungusha kwa mkono, sikiliza.

Ofseti ni umbali kati ya katikati ya rimu na uso unaofungwa kwenye habu. Ikiwa ndogo sana, tairi linatoka nje na kula fenda gari likibonyea kwenye kona. Ikiwa kubwa sana, linaingia ndani na kukwaruza springi. Kaa karibu na namba ya kiwandani.

"Maegeshoni gari linakaza na kuruka nikikata kona"

Kama ni lami kavu na gari linavuta magurudumu yote, pima mzingo wa matairi manne. Subaru inataka tofauti isizidi robo ya inchi ya mzingo. Hiyo ni milimita moja tu ya kina cha kashata! Kwa hiyo ukipasua tairi moja lililoliwa nusu na kufunga jipya moja, matatu yaliyobaki yanazunguka kwa kasi nyingine na mfumo wa kuvuta unabanwa kila dakika. Nunua manne, au tafuta duka linaloweza kunyoa tairi jipya lifanane na wenzake. Matairi yakiwa sawa na kukaza kukaendelea, hapo ndipo umwone fundi wa gia.

"Matairi ya baridi yameisha kabla ya msimu wa pili"

Uliyaacha hadi Julai. Mpira laini kwenye lami ya nyuzi 50 unalika kama kifutio, na breki zinarefuka. Nairobi na Dar es Salaam wanalijua hili bila kuona theluji: magari ya mitumba kutoka Japani mara nyingine hushuka bandarini na matairi ya baridi yenye chale, mwenye gari anafurahia kina kizuri, kisha mvua ya kwanza gari linateleza na kashata zinaisha upesi. Ukiona chale nyingi na mpira unaobonyea kwa kucha, uliza kabla ya kushangilia.

Geuza seti joto la asubuhi likikaa juu ya nyuzi 7 kwa wiki kadhaa. Huku usilitarajie hilo kabla ya Mei. Yaoshe magnesium itoke, yaandike kwa chaki yalikotoka, yaweke mahali pa giza mbali na mota za umeme. Anayekaa ghorofani aulize duka la matairi. Mengi hukodisha nafasi ya kuhifadhi.

Minyororo ibebe hata ukiwa na matairi mazuri, lakini soma kitabu cha gari kwanza: magari yenye ubavu mfupi mara nyingi hayana nafasi ya mnyororo mnene nyuma ya gurudumu, na soksi za kitambaa za kuvalisha tairi ndizo zinazoingia. Zivalishe mara moja nyumbani, mchana, ukiwa na mikono yenye joto, ili ujue kifundo kiko wapi.